Moto wa Bi Kazija

Majirani zetu wa Kajificheni wakiihadithia habari ya Bi Kazija huanzia kwenye njaa, kana kwamba njaa ilimjia yeye peke yake. Mimi sianzii hapo. Njaa ilitupitia sote, tukakonda sote, na wengine wetu tulikuwa na nyama za kupunguza. Lililompata Bi Kazija alifanyiwa na watu waliompenda, tena kwa nia safi kabisa, ndiyo maana nikilikumbuka hasira hunipanda kwanza na machozi hufuata baadaye.

Bi Kazija alikuwa mjane wa siku nyingi. Mumewe, Msabah, alimwachia nyumba nyembamba yenye ua nyuma, na mtoto mmoja wa kiume, Muhiddin. Kijana huyo alikuwa fundi cherehani, akishona barazani Darajani, mpole, mwenye vichekesho vya chinichini. Mimi, Tabia, nilikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na suruali zote za mume wangu Simai zilipita mikononi mwake.

Asubuhi ya Mapinduzi, Januari ya mwaka wa sitini na nne, Muhiddin alitoka kwenda kuitazama cherehani yake aliyoilaza dukani kwa mtu. Mama yake alimtaka asubiri. Alijibu kuwa anarudi sasa hivi, akavaa viatu, akaenda. Hakurudi. Hatukuletewa maiti, hatukuonyeshwa kaburi, wala hakutokea mtu wa kusema nimemwona kwa macho yangu. Huyu alisikia kavuka bara, yule alisikia jambo jingine ambalo hakutaka kulimaliza kulisema.

Kwetu nyumba ikifiwa haiwashwi moto. Siku tatu za matanga majirani ndio wanaopika na kuleta, na sahani zao hurudi tupu, maana mfiwa haombwi kitu. Siku nyingine zote ni kinyume chake: sahani ya jirani hurudi na chochote, hata kama ni ndizi moja au vipande viwili vya papai, na anayeirudisha bila kitu husemwa wiki nzima.

Siku chache zilipopita na Muhiddin hajatokea, wanawake wa mtaa tukaona bora tumwendee mama yake. Tulijitanda kanga, tukabeba wali na mchuzi, sauti tukaziweka chini. Aliyetangulia alikuwa Bi Mwanapili, mkubwa wetu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mikono isiyotulia, ambaye hapakuwa na harusi wala msiba asiousimamia. Alimshika Bi Kazija bega, akamwambia asiwashe moto, apumzike.

Bi Kazija alisimama katikati ya ua akatutazama mmoja mmoja.

"Hapa hapana aliyekufa," akasema. "Muhiddin katoka."

Akapiga magoti mbele ya seredani yake, akapanga makaa, akawasha moto sisi tukimtazama. Tuliondoka kwa aibu. Siku zile zile mwezi wa Ramadhani ukaandama, na alasiri ya kwanza ya mfungo tukasikia mlango unagongwa. Alikuwa Bi Kazija mwenyewe, kabeba sahani zetu zile zile, na kila moja ina kipande cha mkate wa kumimina, bado una moto. Alikuwa amepika kama alivyozoea kupika siku ambazo Muhiddin na rafiki zake wanafuturu kwake, na mkate ulikuwa mwingi. Mwaka ule watu walikuwa wamejifungia, hakuna aliyemtembelea mwenziwe. Sahani za kwanza kutembea mtaani petu zilitoka kwa mwanamke ambaye sisi tulikwenda kumhurumia.

Tangu hapo hakuacha. Ramadhani ilikwisha, Idi ikapita, naye akaendelea kupika kila siku mkate mmoja. Usiku aliroweka mchele. Asubuhi aliuchuja, akaukausha kidogo kwenye ungo, kisha akautwanga na kuuchekecha mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Adhuhuri alikuna nazi, akakoroga, akatia hamira na iliki, akaufunika uumuke. Alasiri ilikuwa saa ya moto: makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya kifuniko, naye kakaa kwenye kibao, haondoki. Ule mkate haukubali kuachwa. Ukigeuza kichwa kumsikiliza mtu, juu umeshaungua.

Nikipita asubuhi kwenda sokoni, baada ya shikamoo na marahaba, alikuwa na swali moja tu: "Nani kaamka vibaya leo?" Maana mkate wa siku ulikuwa na mwenyewe. Ulikwenda kwa aliyejifungua, kwa mgonjwa, kwa mwenye mgeni wa ghafla, kwa mtu na mkewe waliogombana. Mimi na Simai tuliila sahani ya wagomvi mara nyingi kuliko nyumba yoyote, na nadhani zipo siku tuligombana kwa ajili ya mkate.

Watu wenye asili ya bara walipohamia nyumba ya mkabala, iliyoachwa na wenyewe, mtaa mzima uliwatazama kwa pembe ya jicho. Bi Kazija alimpelekea mke, Mama Kurwa, sahani siku ile ile. Mama Kurwa alikuwa mgeni wa mambo yetu, akaiosha ikang'ara, akairudisha tupu. Bi Kazija aliipokea kwa shukrani, kesho yake akaipeleka tena imejaa. Mara ya tatu ikarudi na mahindi ya kuchemsha, na wawili hao wakawa hawaachani.

Usidhani alikuwa amesahau. Jioni, muadhini akianza, nilimwona mara nyingi kasimama mlangoni kimya, anatazama upande wa Darajani. Lakini kulikuwa na sufuria ya kuosha na mchele wa kuroweka, basi aliingia ndani. Mtu mgeni akimuuliza kama ana mtoto, alijibu, "Ninaye, katoka." Miaka saba alijibu hivyo. Wapo waliosema ni subira, na wapo waliosema akili imeyumba. Mimi nilikuwa naiona subira yake kila siku, ilikuwa na unga mikononi, na nasema wazi kuwa ule mkate ndio uliomshika asianguke. Mtu anayengoja anahitaji jambo la kufanya wakati wa kungoja.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na moja, na mchele ukawa haba. Nani asiyeukumbuka mgao? Tulisimama foleni jua na mvua kwa ajili ya vibaba, na kila nyumba ilipewa kwa vichwa vyake. Nyumba yetu ilikuwa na vichwa saba. Ya Bi Kazija ilikuwa na kimoja. Kwa mchele wa kichwa kimoja akaendelea kupika mkate wa kugawa. Alichanganya unga wa muhogo, akatumia sufuria ndogo, mkate ukawa wa kukaa kiganjani, lakini alasiri moshi ulipanda uani kwake kama kawaida.

Bi Mwanapili ndiye aliyegundua. Siku moja alimwingilia mchana bila hodi ya kutosha, akamkuta anakula muhogo mkavu kwa chumvi, na mchele wote wa wiki uko kwenye bakuli la kurowekea. Akamtazama vizuri, akaona mifupa ya shingo. Alirudi kwake analia, akatuita wanawake wote.

Alituambia kuwa sisi ni wauaji, tunakula chakula cha mwanamke mwenye njaa na kumsifia iliki. Maneno yalitupasua. Akapanga mambo hapo hapo, kwa haraka yake ile ya msibani. Kuanzia kesho hakuna atakayepokea sahani ya Bi Kazija. Nyumba zitapokezana zamu, asubuhi na jioni, kumpelekea chakula kilichopikwa. Watakaokwenda waende wawili, ili akikataa, mmoja amshike maneno na mwingine aweke chakula. Akitaka kurudisha sahani na kitu, asiachiwe. Na kinu chake kiazimwe kwa kisingizio chochote, kisirudishwe.

Wote wakakubali. Mimi nikasema hapana. Nilisema tumpe mchele mbichi, kila nyumba kiganja kimoja, apike mwenyewe.

"Akipewa mchele ataugawa wote," Bi Mwanapili akasema. "Hutomwona anatia tonge mdomoni."

"Basi tumwache agawe, sisi tumletee na chetu juu yake. Siku nzima mnataka afanye nini?"

Mmoja akacheka akasema Tabia anaulilia mkate wake. Wengine wakafuatia, na mimi hasira zikaniziba mdomo. Mdomo wangu hufanya kazi siku zote isipokuwa siku unapohitajika.

Ningekuwepo, ningevunja amri ile kesho yake, nikapokea sahani yangu mchana kweupe. Lakini asubuhi ile ile nililetewa habari kuwa mama yangu kule Jambiani ameanguka na kuvunjika mkono. Nilifunga kanga zangu kwenye kifurushi nikapanda gari la shamba. Nilikaa kule mpaka mwezi ukaandama tena.

Mama yangu alikuwa msuka kamba. Kama wanawake wote wa kwao, alifukia makumbi ya nazi pwani yalainike, kisha akayafukua, akayaponda na kuyasuka. Sasa mkono mmoja umefungwa vijiti, na dada zangu walikuwa wamemkataza kushika hata uzi. Siku ya kwanza alilala akitazama paa. Siku ya pili aliniambia chakula changu hakina ladha, na mimi pia sina. Siku ya tatu nilimletea makumbi yaliyokwisha pondwa, nikashika mimi ncha moja, yeye akasokota kwa mkono mzima juu ya paja. Kamba ilitoka mbaya, yenye vifundo, haifai kufungia hata kuku. Aliitukana kamba ile mchana kutwa, na usiku akala vizuri. Nikawa namfikiria Bi Kazija, nikajipa moyo kuwa mambo yake nitayatengeneza nikirudi.

Nilirudi mjini adhuhuri. Hata kwangu sikuingia, nilipiga hodi kwake. Hakuitikia. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, nikausukuma.

Bi Kazija alikuwa amekaa ukumbini juu ya jamvi, kaegemea ukuta, kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi. Miguu kainyoosha mbele yake na mikono imelala mapajani, viganja vinatazama juu. Sijapata kuiona mikono ile bila kazi, na ilinitisha kuliko uso wake. Pembeni palikuwa na sahani mbili chini ya kawa, hazijaguswa. Uani seredani ilikuwa imefagiwa, hakuna hata jivu.

Nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti ndogo, akanipapasia jamvi nikae.

"Na wewe umekuja," akasema. "Habari imekufika mpaka Jambiani."

Nikamuuliza habari gani. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayesema uongo asiouweza.

"Usinifiche tena, Tabia. Wenzako wamenificha, na mie nimewawacha kwa sababu naona wanaona uzito. Lakini wewe ni wa ukuta kwa ukuta. Nambie tu, mmejua lini?"

"Kujua nini, Bi Kazija?"

"Kuwa mwanangu kafa."

Akaanza kunieleza taratibu, bila kulia. Wamekuja wawili wawili, wamejitanda, wanasema chinichini. Wamemletea chakula, wamemwambia asiwashe moto, apumzike. Sahani kaziosha atie kitu, wamemnyang'anya mkononi. Kinu chake kimetolewa nyumbani. Kapeleka mkate kwa Mama Kurwa, Mama Kurwa kakataa kuupokea na machozi yanamtoka.

"Nkangoja wanambie," akasema. "Siku ya kwanza nkangoja. Ya pili nkangoja. Siku ya tatu nkafahamu kuwa hapana atakayeweza kulitamka. Nkakaa matanga peke yangu."

Niliapa kuwa hakuna aliyejua lolote, kuwa hakuna habari iliyokuja kutoka popote, kuwa yote yale yalikuwa kwa sababu ya mchele. Nilisema tuliona anakonda. Alinipigapiga mkono akaniambia nisijisumbue. Hakuniamini hata kidogo, na kwa nini aniamini? Sote tulikuwepo mwaka ule wa sitini na nne. Sote tulimwona akiwasha ule moto mbele yetu, na tulijua aliuwasha kumtetea nani. Katika mtaa mzima wenye wanawake wenye akili zao, waliozika mama na baba na watoto, hakuna aliyekaa akafikiri kuwa moto huu haukuwa wa kupikia peke yake.

Nilikwenda kwa Bi Mwanapili nikamkuta anachambua mboga. Sikumwamkia, na yeye ni mkubwa wangu. Nilimwambia ainuke, na nilipomweleza ungo ulimtoka mkononi. Tuliingia kwa Bi Kazija pamoja, yeye bila kanga ya kichwani, akaanguka magotini juu ya lile jamvi, akakiri kila kitu: mkutano, zamu, kinu, amri ya sahani. Alilia mpaka maneno yakawa hayasikiki. Alisema ni huruma tu, wallahi, hakuna jingine.

Bi Kazija alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hamjasikia kitu," akasema.

"Hatujasikia."

"Wala kaburi hamkuoneshwa."

"Hatukuoneshwa, Bi Kazija. Huenda yuko hai, Mungu ndiye ajuaye."

Nilidhani uso utamfunguka. Ningekuwa mimi, nadhani ningeruka. Lakini yeye alifumba macho, na alipoyafumbua alikuwa mwanamke aliyechoka kuliko alivyokuwa nilipoingia.

"Mie nshamzika, Mwanapili," akasema. "Miaka saba nlikuwa nkimwomba Mungu amrudishe. Safari hii nkamwomba amrehemu. Nimeikunja kanzu yake nimeitia sandukuni. Nimeshamlilia kama anavyoliliwa maiti, chozi kwa chozi, mpaka yakakauka. Leo waja kunambia huenda yu hai. Nifanye nini? Nimfukue?"

Mimi nililia hapo, kwa sauti, bila haya, kwa sababu nilimpenda Muhiddin na kwa sababu nilijua hakuna mtu duniani wa kulitengua jambo lile. Katika miaka yangu yote sijaona kitu kibaya kama kumwona mama akifiwa na mtoto bila mtoto kufa mbele ya mtu yeyote.

Bi Mwanapili aliuliza tumfanyie nini, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chombo.

"Mfiwa akimaliza matanga huwasha moto, akasomesha hitima," Bi Kazija akasema. "Nirudishieni kinu changu."

Kinu kilirudi jioni ile, kimebebwa na Bi Mwanapili mwenyewe, mwanamke ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua tangu nimjue. Hakutaka kusaidiwa na mimi sikumsaidia. Mchele ukaanza kuja. Hakuna aliyetangaza, lakini kila nyumba ilileta kiganja chake katika mgao, Mama Kurwa akaleta sukari yake yote, na watu ambao hata sikujua kuwa waliwahi kula mkate wa Bi Kazija walitokea Malindi na Mkunazini na vifundo vya kitambaa. Wakati wa shida ule, kutoa mchele kulikuwa kama kutoa damu.

Maalim Abrahman, aliyesomesha watoto wetu Kurani chuoni, aliitwa aongoze hitima. Alisimama mlangoni kwa haya, akamwuliza Bi Kazija swali ambalo hapakuwa na budi kuliuliza. Katika dua, amtaje vipi Muhiddin? Anaweza kumwombea kama msafiri, alisema, dua haipotei. Au anaweza kusema marehemu.

Bi Kazija alikuwa anauchuja mchele. Maji yalikwisha kudondoka na bado alishikilia ungo.

"Sema marehemu," akajibu.

Siku ya hitima nilikwenda kwake tangu asubuhi. Alikwisha twanga kabla sijafika, na mashavu yake yalikuwa na vumbi la unga. Alinituma, akanikaripia, akaniambia nazi naikuna kama mtu anayejikuna upele. Aliniuliza mkono wa mama yangu unaendeleaje. Alipoonja uji wa unga alikunja uso, akaongeza iliki. Nilikuwa namtazama kwa hofu, nikingoja aanguke, na haikutokea. Kila kazi ilimpokea na kumkabidhi kwa kazi nyingine, na ndani ya kazi hizo alikuwa na huzuni yake yote, hakuificha, aliibeba huku na huku uani pamoja na sufuria. Safari moja alisema tu, akikoroga, kuwa Muhiddin alikuwa hapendi kipande cha katikati, alipenda cha pembeni kilichokauka. Nilikuwa sijasikia akimtaja kwa wakati uliopita.

Alasiri wanaume wakajaa ukumbini, wakagawana juzuu, na sauti zao zikaja uani kama mvua ya mbali. Tulikuwa na sufuria tatu, mbili zimeazimwa. Wanawake wengine walikaa ngazini na kwenye jamvi, na Bi Mwanapili akakaa karibu na mlango. Bi Kazija alikaa kwenye kibao chake mbele ya moto. Makaa ya juu ya vifuniko yalikuwa yamekolea, na harufu ya nazi ilikuwa imeanza kutoka.

Usomaji ulikwisha. Kukawa na ule ukimya mfupi, mtu mmoja akakohoa, kisha Maalim Abrahman akaanza dua. Aliomba kwa ajili ya mitume na masahaba, akaomba kwa ajili ya waliotangulia mtaani, akafika.

"Na marehemu Muhiddin bin Msabah," akasema, na wanaume wote wakaitikia amina.

Koleo la makaa lilimtoka Bi Kazija mkononi. Alikuwa amelitamka mwenyewe neno lile kwa kinywa chake, lakini kulisikia likisemwa na wanaume wengi pamoja kulikuwa kitu kingine. Alitoa sauti moja tu, ndogo, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilimshika. Machozi yalipita katikati ya vidole vyake yakadondokea kwenye kanga. Ile hadithi ya machozi kukauka haikuwa kweli. Wanawake wote uani walikuwa wanalia, na ndani amina zilikuwa zinaendelea.

Mkate wa kati ukaanza kunukia kuungua.

Nilitaka kuinuka niutoe mimi, nimwachie yeye alie anavyotaka. Bi Mwanapili alikwisha inuka nusu, mikono yake ile mbele. Nikamkazia macho mpaka akakaa. Kisha nikaliokota koleo, nikalifuta majivu kwa upindo wa kanga yangu, nikamwekea Bi Kazija kiganjani. Akalishika. Alipangusa macho kwa nyuma ya mkono, akainamia sufuria ya kati, na akaanza kuyateremsha makaa, moja moja.